Usijaze Huku Unazungumza

Kila Jumatatu, baada ya kuosha vyombo vya chai, Mwanaharusi alitandika gunia katika chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Kigera, akapanga juu yake maganda matupu ya risasi za bastola, akayajaza upya. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, fundi Hamduni, hadi macho yake yalipozimika. Sasa Hamduni aliketi mlangoni akirudia mafunzo yale yale. Moto ukae mbali. Ganda lenye ufa litupwe. Usijaze huku unazungumza, maana maongezi humsahaulisha mtu akatia baruti mara mbili, na bastola ikamlipukia aliyeishika.

Maganda yote yalikuwa ya mzungu mmoja aliyenunua pamba Bunda. Kila ganda lilirudi na sauti ya kiumbe cha mwisho kilichopigwa kwalo. Yaliyoua ng'ombe yalilia kama ng'ombe. Jirani mmoja aliwahi kuja na kibuyu kuomba maziwa.

Jumatatu moja, mwaka uliofuata kwisha kwa vita vya Hitla, ganda likamwamkia.

"Shikamoo, Mama Alawi. Ni mimi, Magige wa Kabasa."

Magige alikuwa mkulima wa pamba aliyezoea kuwaletea karanga. Watu walikuwa wameambiwa kwamba ameliwa na mamba. Mwanaharusi akamweleza hivyo.

"Mamba wanakaaga kwenye mzani, mama?" ganda liliuliza. "Nilisema mzani wa mzungu unadanganya. Basi."

Mwanaharusi akalifunga katika pindo la kanga, akalipeleka bomani. Karani Leodgar alilisikiliza hadi mwisho, kisha akaliamuru lisimame liape. Ganda likasimama wima mezani. Ila halikuwa na mkono wa kuinua, na ushahidi usio na kiapo hauandikwi. Karani akalirudisha kwa upole.

Alasiri hiyo Mwanaharusi alilijaza huku akizungumza nalo. Magige alitaka kujua kama mkewe, Nyangi, amemaliza kuvuna. Hamduni akasikia kijiko kikigusa kopo la baruti mara mbili.

"Limwage, uanze upya," alisema.

Mwanaharusi akaliziba kwa risasi. Hamduni hakurudia.

Jumatatu iliyofuata mzungu alikuja mwenyewe, mzima, na bastola mpya kiunoni. Ile ya zamani, alieleza, alikuwa amempa mtumishi wake, Keraryo, ampige mbwa mwenye kichaa, na watu hawa hawajui kushika silaha. Keraryo alikuwa amezikwa Jumatano, kwao Butiama. Akamwaga maganda juu ya gunia, pamoja na lile lililopasuka, pengine litafaa.

Mwanaharusi akaliokota. Ndani yake mlikuwa na sauti mbili zilizobanana. Moja ilikuwa bado ikimbembeleza mbwa asogee.

"Siye, Mama Alawi," Magige alisema, bila lawama. "Huyu siye."

"Lenye ufa litupwe," Hamduni alisema kutoka mlangoni.

Hakulitupa. Alilisimamisha kabatini, kati ya vikombe. Kisha akaketi, akafumba mdomo, akayajaza yaliyobaki, kijiko kimoja kila ganda, kama alivyofunzwa, na mzungu akasubiri.