Birika la Mgeni

Asubuhi ile Kristiana aliponda viazi kwa mwiko kana kwamba vimemtukana. Majirani zake wa Malangali walikuwa wanachoma mahindi mabichi, na harufu ilikuja mpaka jikoni kwake kumcheka. Bibi mzima mwenye meno yake ya bandia, anakula chakula cha mtoto mchanga!

Meno yenyewe alikuwa nayo kwenye pindo la kitenge, yamepinda kama kandambili iliyosahauliwa karibu na moto. Aliyapata kwa kuuza maksai wake wa mwisho, na hakujuta hata siku moja, maana kwa meno hayo aliongoza rozari ya jumuiya na kila neno likasikika hadi nje. Sasa maneno yalimtoka kwa mluzi. Watoto walicheka katikati ya Salamu Maria, na rozari akapewa mwingine.

Aliyemfanyia haya alimjua: Ngeleja, afisa wa kliniki ya wazee. Ngeleja aliuza chai ya kijani palepale dirishani, na mzee asiyenunua pakiti alikaa benchi mpaka jioni bila kuitwa. Chai hii inasafisha kinywa, alisema, inaua harufu, na mwenye meno ya bandia ayaloweke humo usiku. Akaishia hapo. Lakini Ufipa hii yenye baridi ya kung'ata mifupa, nani amewahi kusikia chai ya baridi? Chai isiyofuka moshi ni maji ya kusuuzia vyombo. Kristiana aliimimina juu ya meno ikiwa inatokota, akalala kwa amani.

Alipofika kliniki, Ngeleja hakumpa hata shikamoo. Aliendelea kuchezea simu.

"Mwanangu, tazama chai yako ilivyonifanya," alisema Kristiana akifungua pindo.

"Chai yangu haina kosa, bibi. Hayo meno yalikuwa mabovu tangu yanatengenezwa."

"Basi niandikie nikatengenezewe mengine."

"Hilo si langu. Nenda kwa waliokupa." Kisha akakumbuka jambo, akatabasamu. "Ila mkutano wa leo kwako uko palepale, eti? Wazee wa mtaa nimeshawatangazia. Uandae chai, waonje."

Kristiana aliutoa mwenyewe uwanja wake kwa mkutano huo, siku ambazo bado alikuwa na meno na imani. Alitaka kumwambia apeleke chai yake kuzimu. Lakini njiani kurudi nyumbani hasira ilimgeukia kuwa akili, na kufika mlangoni alikuwa anatembea haraka kama msichana.

"Andaa chai," alijisemea. "Nitakuandalia, baba."

Jioni uwanja ulijaa. Ngeleja alishuka kwenye pikipiki na boksi la pakiti, na mbele za watu heshima ikamrudia. "Shikamoo, bibi yetu!" alisema kwa sauti kubwa, akiinama.

"Marahaba. Karibu kiti."

Alimletea birika dogo la mgeni, linafuka. Akamimina kikombe, akaonja yeye kwanza, akamkabidhi. Huku ndivyo ilivyo: mwenyeji huonja mgeni aone hakuna sumu, na akishaonja, mgeni anayekataa amemwita mchawi. Ngeleja alikunywa. Akaongezewa, akanywa tena, akajipangusa midomo.

"Mnaona, wazee wangu? Hii ndiyo chai. Mimi mwenyewe nakunywa, meno yananing'aa!"

"Afisa," alisema Kristiana, "uliniambia meno yakae kwenye chai. Nimetii."

Akafunua birika, akaingiza kijiko, akayainua meno yake yakichuruzika, wazi mbele ya kila mtu.

Ngeleja aliruka, kiti kikaanguka. Alitema, akatapika kando ya ukuta, akarudi macho mekundu. "Bibi una wazimu? Umeyachemsha! Meno ya plastiki hayatiwi kwenye maji ya moto, yanapinda! Kila mtu anajua!"

Kisha mzee Wilibrodi, ambaye meno yake mwenyewe yalikuwa yanamchubua ufizi tangu Pasaka, akasimama taratibu na mkongojo wake.

"Kila mtu nani?" aliuliza. "Mbona sisi hukutuambia?"

Wilibrodi alitoa pakiti yake mfukoni, akaitupa kwenye matapishi. Wakafuata wengine mmoja mmoja, pole pole, bila matusi. Afisa alibeba boksi lake akaondoka bila kuaga.

Kristiana alijua kesho dirishani jina lake halitaitwa, wala keshokutwa. Meno hayatanyooka, na maksai harudi. Alikaa jikoni na bakuli lake la viazi vilivyopondwa, akala taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu meno yapinde chakula kilikuwa na ladha. Alipomaliza alilisugua lile birika kwa majivu, akalirudisha mahali pake, tayari kwa mgeni mwingine wa kutoka ofisini.