Injini Iliyopigwa Mchanga

Kitinda alijua kuna jambo alipokuta viatu vya shangazi mlangoni. Shangazi si mtu wa kutoka kwake siku ya kazi bila sababu ya kuvalia. Sebuleni hapakuwa na mtu, ila birika la chai na vikombe vilivyoachwa nusu. Sauti zote zilitoka uani, na juu ya sauti hizo kikasikika kicheko cha kaka yake, kile cha puani anachokitoa akiwa na siri inayomwasha.

Kaka yake mkubwa alikuwa bingwa wa kuwashtukiza watu kwa mema. Kitinda alipokuwa shule ya msingi, aliamka asubuhi moja akakuta baiskeli yake nyeusi imepakwa rangi ya waridi. Alipokuwa chuoni, alirudi likizo akakuta meza yake ya kusomea, ile yenye madoa ya wino ya miaka yote, imepigwa msasa na vanishi mpaka haijijui. Kila mara alisema asante, akaenda bafuni, akafungulia bomba, akalia kidogo, akarudi akitabasamu. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, na kitinda mimba, ingawa sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake ya kukata lenzi kwenye duka la miwani, bado aliamuliwa mambo.

"Haya, bibi harusi kafika," shangazi alitania alipomwona akitokea uani. "Tumekaa hapa mpaka miguu imekufa ganzi."

Katikati ya ua kilisimama kitu kilichofunikwa shuka jeupe. Usukani ulijitokeza chini ya shuka kama pembe za mbuzi. Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa ameshainua simu anarekodi. Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, uso umekunjuka kwa furaha.

"Kaka, nini hiki?"

"Funga macho kwanza."

"Nimechoka, kaka."

"Hili utafumbua macho uchovu wote umekimbia," kaka alisema, akalivuta shuka.

Ilikuwa pikipiki yake. Pikipiki ndogo ya Kijapani, ya zamani kuliko yeye, ambayo aliichukua kwa mzee mmoja ikiwa vipande ndani ya magunia. Kwenye klabu yao ya mbio za pikipiki kuukuu, za namna hii waliziita vikombe, kwa sababu silinda yake ukiijaza maji hayatoshi kikombe cha kahawa. Miaka miwili alikuwa akiijenga kwenye kibanda kilichokuwa cha kuku, nyuma ya nyumba. Pikipiki alizojenga kabla ya hii ziliendeshwa na watu wengine. Yeye alibaki pembeni ameshika spana, akiona haya hata kupiga makofi. Hii alijijengea mwenyewe. Jumamosi ya wiki hiyo, keshokutwa, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwenye mstari.

Jana alirudi usiku, hakuingia kibandani; asubuhi alipoondoka kwenda kazini, injini ilikuwa mezani peke yake, imeshafungwa, nyeusinyeusi kwa masizi ya miaka mingi lakini ndani safi kama sahani ya mgeni. Sasa ilikuwa imeshapachikwa kwenye fremu. Nayo iling'aa. Kila pezi la kupoza silinda lilikuwa jeupe, halina doa, kama jino jipya.

"Umeipaka nini?" aliuliza polepole.

"Nipake? Hiyo ni alumini yenyewe, mdogo wangu. Jana nimeipeleka karakana, nikaipiga mchanga."

Kaka alikuwa fundi wa mageti. Karakana yake ilikuwa na mashine ya kurusha mchanga kwa upepo wa kompresa, ile inayokula kutu kwenye chuma mpaka chuma kinabaki uchi. Hakuna geti lililoingia pale likatoka baya.

Kitinda akasogea, akapitisha kidole gumba kati ya mapezi mawili. Akakisugua kidole hicho na chenzake. Alisikia kile ambacho vidole vyake vilikisikia kila siku kazini, pale punje moja isiyoonekana inapoingia chini ya lenzi na kuichora kovu lisilofutika.

"Ulifungua injini?"

"Sijagusa ndani. Mimi mjinga? Nimeziba kila tundu kwa selotepu, nikapiga juu juu tu."

Akainama. Kwenye mdomo wa kabureta kulikuwa na gundi ya selotepu. Kwenye tundu la moshi, gundi. Juu ya injini, nyuma ya silinda, palikuwa na tundu jingine, dogo, la kupumulia. Humo ndimo injini inamotolea pumzi inapochemka. Pale hapakuwa na gundi yoyote. Pembeni mwa tundu palilala vumbi jeupe, laini kama poda ya mtoto.

Akainua kichwa. "Umeiwasha?"

"Hata kidogo. Heshima ya kwanza ni yako. Ndiyo maana nimewaita hawa."

"Piga kiki, mwanangu," mama alisema. "Tusikie sauti yake."

"Wifi, sogea kulia kidogo uso upate mwanga," wifi alisema nyuma ya simu.

Wote walimtazama. Alijua kabisa ingewaka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ingewaka kiki ya pili au ya tatu, ingetoa mlio mtamu, shangazi angepiga vigelegele, na wote wangerudi sebuleni kumalizia chai. Na wakati huohuo mchanga ungechanganyika na oili, ukapanda kwenye beringi na pistoni, ukaanza kutafuna. Jumamosi asingemaliza hata mzunguko wa pili. Watu wangesema, unaona sasa, si kazi ya kike.

"Haiwashwi," alisema.

"Haiwashwi vipi?"

"Ina mchanga ndani."

Kaka akacheka. "Hofu hiyo. Mwoga wa mbio huyu anatafuta pa kutokea. Lete, nikuwashie mimi." Akatupa mguu juu ya kiti na kuweka unyayo kwenye mguu wa kiki, ule chuma cha kuwashia.

Kitinda hakuwahi kumsukuma mtu maishani mwake. Alimsukuma kaka yake kifuani kwa viganja viwili, na kaka, ambaye hakulitegemea, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga shangazi. Kabla hajasimama sawa, Kitinda alikuwa amekwapua spana kutoka kwenye kisanduku, amelegeza boliti moja, amechomoa mguu wa kiki na kuutia kwenye mfuko wa koti lake jeupe la kazini. Ulijitokeza kama kijiko kwenye glasi.

Wifi akateremsha simu, kisha akafikiri tena, akaiinua.

"Una wazimu," kaka alisema. Uso wake ulikuwa umemshuka, na kwa muda alionekana kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Sikulala jana. Nimeacha mageti ya watu. Nakufanyia wema unanipiga?"

"Mwanangu," mama akasema, kwa sauti ile ya kumaliza mambo, "mtake radhi kaka yako. Na umwambie asante."

Neno lenyewe lilikuwa pale mdomoni, limezoea njia. Mdomo ukafunguka. Akawaza baiskeli ya waridi.

"Sisemi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema sisemi, mama. Na hili shuka ni langu, nalo limechafuka." Akalikunja, akaikokota pikipiki hadi kibandani, akafunga mlango kwa ndani.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Hadi adhuhuri injini yote ilikuwa vipande juu ya magazeti. Alimwaga oili kupitia kitambaa cheupe cha kufutia miwani, akakipeleka dirishani. Chembe zilimetameta. Hazikuwa nyingi, ila zilitosha. Akamwaga mafuta ya taa kwenye karai akaanza kuosha, na kila kipande alichokishika alikisugua kama kimemtukana. Hasira yake haikuwa ya kupayuka. Ilikaa kwenye mabega na kwenye meno. Alikuwa na majibu mazuri kumi kwa kila sentensi ya jana, na yote yalimjia leo.

Mlango ukagongwa. Kaka akaingiza kichwa. "Bado umenuna?"

Kaka akaingia, akaona kile kitambaa dirishani, akakiinua.

"Ndio huu tu?" alisema. "Chembe nne tano? Mimi nilidhani umekuta ndoo."

Kitinda akaweka brashi chini. "Kaka, ningekuja karakana kwako usiku nikachukua geti la mteja, nikalipaka rangi ninayoipenda mimi, ungefanya nini?"

"Geti ni la mteja."

"Na hii ni ya nani?"

"Ni yako. Ndiyo maana nimeipendezesha. Mdogo wangu, ilikuwa imechoka, inatia huruma. Utaingia nayo mbele za watu vile?"

"Ndiyo. Vile. Mimi ndiye ninayeingia nayo."

"Nimekosea tundu moja. Basi. Nimekosea."

"Sikasirikii tundu." Sauti yake ilianza kupanda, na alipoisikia akaiacha ipande. "Hata ungeyaziba yote. Hata pasingeingia punje. Nilijua kila doa kwenye hiyo injini lilipotoka. Lilikuwepo doa alilolikuta yule mzee, hata yeye hakulifuta. Umekuja umefuta. Kama meza yangu. Umewahi kuniuliza, kaka? Siku moja tu, toka nimezaliwa. Ungeniuliza."

Kaka alitazama viatu vyake. Alipojibu, alijibu kwa ukweli, na ukweli ule ulimshangaza hata yeye mwenyewe. "Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo," Kitinda alisema. "Ningekataa."

Nje mama alikuwa akifua, na wote wawili walisikia maji yakimwagwa, kisha ukimya mwembamba wa mtu anayesikiliza.

Kaka akageuza ndoo, akakaa juu yake. Hakuomba radhi tena, wala Kitinda hakumtaka aombe. Kisha kaka alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, "Nifanye nini?"

Kitinda alitaka kumwambia toka. Alikuwa na haki hiyo. Lakini siku ilikuwa inakwenda, na beringi zilikuwa bado hazijaoshwa. "Osha hizo. Kwa brashi, si kitambaa, kitambaa kinaacha nyuzi. Ukimaliza usiguse kingine mpaka nikuambie."

"Sawa."

Akaosha. Aliosha vizuri, kwa sababu alikuwa fundi. Mara moja tu Kitinda aliona mkono wake ukinyemelea tangi, kidole gumba kimeshaanza kusugua doa la kutu.

"Nini?"

"Naangalia tu," kaka alisema, akaurudisha mkono kwenye karai.

Jumamosi mbio zilifanyika kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa, ardhi nyekundu, vumbi la kufika magotini. Vikombe vilipangwa kwenye mstari wa chokaa, na waendeshaji wake wazee kwa vijana wakivikagua kama wazazi siku ya kwanza ya shule. Mwenyekiti wa klabu, daktari wa meno mwenye kofia ya mkeka, alikagua pikipiki moja moja. Alipofika kwa Kitinda akainama.

"Mguu wa kiki uko wapi?"

"Umebaki kwenye koti la kazini."

"Haidhuru. Hapa tunasukuma." Akaitazama injini nyeupe. "Imependeza hii."

"Ndiyo wanavyosema," Kitinda alijibu, akavaa helmeti.

Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni, kama mtu aliyekatazwa kushika bidhaa dukani. Sheria iliruhusu kila mmoja awe na msukumaji. Alikohoa. "Nikusukume?"

Kitinda alikuwa bado na hasira. Alikuwa ameamka nayo, akanywa nayo chai, akaipakia garini pamoja na spana. Alipima swali lile kutoka kila upande kama anavyopima lenzi, na halikuwa na ufa. "Mpaka kwenye chokaa," alisema. "Hapo uniache."

Bendera ikashuka. Kaka akasukuma kwa nguvu za mageti yote aliyowahi kubeba, na kwenye chokaa akaachia, palepale, kama aliyeungua. Kitinda akaachia klachi. Injini ikakohoa, ikasita, moyo wake ukasita nayo, kisha ikashika na kuanza kupiga kelele nyembamba ya nyigu. Wengi walikuwa wameshamtangulia. Akavuta mafuta mpaka mwisho.

Hakushinda. Kwenye kona ya tanuri alipanua mno, mzee mmoja mwenye ndevu akampita kwa ndani huku akimpungia mkono, na hasira mpya, nyepesi, ya kupendeza, ikamwasha: hii ilikuwa yake na mzee yule tu. Akamfukuza mizunguko iliyobaki. Akampita kwenye ule wa mwisho, mbele ya mashine kuukuu za matofali, bila kumpungia.

Alipozima injini, aliweka sikio karibu nayo. Ilikuwa ikitoa vile vidoko vya chuma kinachopoa, na hakukuwa na mkwaruzo wowote ndani yake. Nje, mapezi yote meupe yalikuwa yamekuwa mekundu. Vumbi limejaa kila penye nafasi, limegandia oili, limechora mistari hadi kwenye tangi.

Kaka alifika mbio akihema. Mkononi alikuwa na kitambaa, kizuri, kisichoacha nyuzi. Alikuwa amekinunua mahsusi. Akainama kwenye silinda, kitambaa kikiwa kimeshakaribia kabisa. Mkono ukasimama hewani. Kitinda aliona jinsi kulivyomgharimu kuusimamisha.

"Niifute?" aliuliza.

Kitinda alivua helmeti. Jasho lilimtiririka machoni.

"Hapana," alisema. "Iache."

Kaka akakikunja kitambaa, mara moja, mara mbili, akakirudisha mfukoni.