Gari Lililobeba Wagonjwa

Picha za gari ziliingia kwenye simu ya Mama Marthe wakati alikuwa anasonga bugali. Lilikuwa jipu refu, jeupe, lenye mlango mpana nyuma. Chini ya picha, mwuzaji aliyekuwa Uvira alikuwa ameandika: "Iko nguvu sana. Motere haiyafunguliwa hata siku moja. Ilikuwa inabebaka bagonjwa."

Mama Marthe alisoma sentensi ya mwisho mara mbili, akauacha mwiko ndani ya chungu.

Alikuwa kiongozi wa kina mama wa kanisa pale Baraka. Binti yake Clarisse alifia njiani, kwenye kipoyi, kitanda cha miti ambacho watu wa milimani hubebea wagonjwa mabegani. Uchungu wa kuzaa ulimshika upande wa Fizi, na hospitali ilikuwa chini, Baraka. Wabebaji waliposimama kupumzika, walikuta wamebeba maiti. Tangu siku ile Mama Marthe aliomba kitu kimoja, asubuhi na jioni, akiwa amepiga magoti: gari la kuwashusha wanawake wenye mimba. Kina mama wakaomba pamoja naye, kisha wakachanga. Na sasa Mungu alikuwa amemwonyesha gari ambalo tayari lilijua kazi hiyo.

"Tusikimbie, mama," alisema Eugène, fundi wa magari aliyesali naye kanisa moja. "Gari ya mutu ni sawa na bibi arusi. Kwanza tuulize jamaa."

Eugène aliandika namba ya shasi iliyoonekana kwenye picha moja, akafungua ukurasa wa mtandao unaoeleza historia ya magari. Gari lilitengenezwa Japani. Lilikuwa na mmiliki mmoja. Halikugongwa, halikuzama majini, halikuibwa. Lilipakiwa melini, likashushwa bandari ya Dar es Salaam. Hapo maandishi yaliisha.

"Na kutoka Dar mpaka kwetu?" Mama Marthe aliuliza.

"Kutoka Dar mpaka kwetu, internet haiyue kitu. Ile tutauliza barabara. Ikipanda Fizi bila kukohoa, ni gari."

Jumatatu asubuhi gari lililetwa na Dany, komisionere wa mwuzaji, yaani dalali wake, kijana wa miwani myeusi na maneno mengi. Alisema mteja mwingine wa Kalemie alikuwa anangoja jibu.

"Mama Marthe, panda mbele kama muke wa gavana!"

"Gavana wangu alikufa zamani. Fungua nyuma nione."

Nyuma hapakuwa na viti. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, na mpira mpya umetandikwa juu yake. Harufu ya javeli, dawa kali ya kuua vijidudu, ilipanda mpaka ikamchoma macho.

"Munasafisha hivi na nini?" Eugène aliuliza. "Ndoo nzima ya javeli?"

"Bagonjwa na mikrobe, kaka. Unataka usafi ao unataka malaria?"

Eugène alicheka. Akalala chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka ameridhika. Mama Marthe aliomba sala fupi, mkono wake juu ya kapo, boneti ya gari, kisha wakaondoka, Eugène akiendesha.

Mwaka ule vita vya milimani vilikuwa vimetulia bila kuisha. Wiki hii njia ilipitika, wiki ijayo watu walikimbilia rasi ya Ubwari kwa mitumbwi. Lakini asubuhi ile jua lilikuwa jema. Barabara ilipoanza kupanda, motere, yaani injini, ilitoa mluzi mwembamba, mrefu, kama mtu anayemwita mwenzake kwa mbali.

"Sikia turbo," Eugène alisema akitabasamu. "Inapiga muluzi. Hiyo ni afya."

Walifika kijiji cha kwanza, na Mama Marthe alishusha kioo ili asalimie watoto, maana watoto wa njia ile hukimbilia kila gari. Hakuna mtoto aliyetokea. Milango ilikuwa wazi. Chungu kilikuwa motoni, povu la maharagwe likimwagika na kuzima kuni. Baiskeli ilikuwa imelala kando ya njia, na gurudumu lake la nyuma bado lilikuwa linazunguka.

"Labda kuko ibada," Dany alisema.

"Ibada Jumatatu?"

"Labda banafunga na kuomba."

"Na maharagwe iko motoni?"

Eugène alizima motere, wakasikiliza kama kuna risasi. Hapakuwa na risasi. Hapakuwa hata na jogoo. Mama Marthe alitoka, akasalimia kwa sauti, kwa Kibembe, lugha ya mama yake. Majani marefu nyuma ya nyumba yalitikisika, ingawa upepo haukuwepo. Hakuna aliyeitikia. Alihisi macho juu ya ngozi yake, mengi, akarudi ndani ya gari haraka kuliko alivyotaka.

"Adui iko mbele," alisema.

"Adui akiwa mbele, bantu banakimbiaka kushuka," Eugène alijibu. "Tungekutana nabo njiani. Aba banakimbia nini?"

Aliwasha gari. Mluzi ukaanza tena. Mbele yao, mahali wasipopaona, mtu aligonga rimu ya gari iliyotundikwa kuwa kengele ya kanisa. Iligongwa haraka haraka, kisha ikanyamaza ghafla, kama iliyoshikwa kwa mkono.

Kijiji cha pili kilikuwa hivyo hivyo. Nguo zilikuwa zimeachwa katika beseni, na sabuni juu yake. Dany alivua miwani yake na hakuivaa tena.

Walipopinda kona ya juu ya kijiji, Eugène alikanyaga breki. Katikati ya barabara palikuwa na kipoyi. Wabebaji hawakuwepo. Juu yake alilala mtu aliyefunikwa kitenge kuanzia miguu mpaka kichwa.

Mama Marthe alishuka. Alifikiri ni maiti. Ndipo akaona tumbo, kubwa, likijikaza chini ya kitenge. Akakifunua usoni. Alikuwa mwanamke kijana, macho ameyafumba kwa nguvu, jasho likimtiririka.

"Mi nimekufa," mwanamke alinong'ona. "Nimekufa tayari. Muende."

"Mwanangu, ni mimi, Mama Marthe wa kanisa, wa Baraka. Fungua macho."

"Zima ile kintu."

Eugène alizima. Mluzi ulipokatika, mwanamke alifungua macho. Jina lake lilikuwa Suzanne. Chupa ilikuwa imepasuka tangu alfajiri, na mtoto alikuwa hashuki. Mume wake na ndugu zake ndio waliokuwa wanambeba. Waliposikia gari, walimwambia ajifanye maiti, kwa sababu yeye hangeweza kukimbia.

"Mulisikia gari, hamukusikia bunduki," Mama Marthe alisema. "Sababu gani kukimbia gari?"

Suzanne alilitazama jipu bila kugeuza kichwa.

"Waliipaka rangi. Zamani ilikuwa ya majani. Lakini sauti haipakwe rangi." Akangoja uchungu upite. "Ilikuwa inakuyaka wakati ya vita. Ndani kuko banaume. Banasema, tuko tunabeba bagonjwa, tunabapeleka hospitali. Tukashukuru Mungu. Tulilalisha mama yangu pale nyuma, na muto yake ya kichwa, na sahani yake. Tulienda kumutafuta hospitali zote. Hakufika. Hata mumoja wabo hakufika. Na gari ikarudi tena, ikapiga muluzi, inaomba bengine."

Mama Marthe alisikia harufu ya javeli, ingawa mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa.

"Mi ni komisionere tu," Dany alisema haraka. "Nilipewa imeshapakwa rangi. Mama, naapa."

Uchungu ulimshika Suzanne tena, akauma kitenge. Mama Marthe aliweka mkono juu ya tumbo, akajua kwamba muda ulikuwa mfupi. Kwa gari, hospitali ilikuwa karibu. Kwa kipoyi, ilikuwa mbali kama ilivyokuwa kwa Clarisse.

"Mama," Eugène alisema kwa sauti ya chini, "ni muteremko mpaka chini. Naweza kuiteremusha bila motere. Haitapiga muluzi."

Mama Marthe alimwinamia Suzanne. "Umesikia? Itakuwa kimya. Mi nitakaa nyuma pamoja na weye, nitakushika mukono."

Suzanne alishika mti wa kipoyi kwa mikono miwili. "Mukinitia mule, huyu mutoto atakatala kutoka. Hata sasa amekatala. Anasikia."

"Binti yangu alikufa juu ya kitanda kama hiki, Suzanne! Kwa sababu ya kukosa gari!"

"Pole, mama. Mi nitakufa hapa, lakini mule siingie."

Mama Marthe alisimama. Gari lilikuwa linawatazama kwa taa zake mbili safi. Alisali maneno haya tu: Bwana, niliomba mimi mwenyewe. Alivua viatu, akakaza kitenge kiunoni, akapiga goti mbele ya kipoyi na kuweka bega chini ya mti.

"Eugène, kamata nyuma."

"Na gari?" Dany aliuliza.

"Baki nayo."

Dany aligeuka, akalitazama jipu, na mlango wake mpana wa nyuma. "Mama, siwezi kubaki nayo peke yangu."

"Basi kamata muti."

Walishuka. Bega la Mama Marthe liliungua, mawe yalimkata nyayo. Kando ya njia majani yalikuwa yanatembea pamoja nao, kushoto na kulia.

"Kuko bantu mule," Dany alinong'ona.

"Nayua. Tembea."

Kabla ya kijiji, mwanaume mmoja alitoka kwenye majani, akauchukua mti kutoka begani mwa Mama Marthe. Alikuwa mume wa Suzanne. Wengine wawili wakawapokea Eugène na Dany. Walitembea kitambo, kisha yule mume akauliza, bila kugeuka:

"Mama, ile gari, kanisa inainunua?"

Mama Marthe aliwaona moyoni kina mama wa Baraka wakimngoja na simu mkononi.

"Hapana. Hatuinunue."

"Basi bamama betu, mutababeba na nini?"

Mama Marthe aliomba arudishiwe mti.

Walikuwa katikati ya nyumba tupu Suzanne alipopiga kelele na kuwaambia wamtue. Walimtua karibu na beseni la nguo. Mama Marthe alipiga magoti vumbini, na mtoto aliyekuwa amekataa akaja mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Alikuwa msichana. Alinyamaza kwanza, akanyamaza tena, kisha akalia.

Ndipo majani yakasimama. Pande zote mbili za barabara watu waliinuka, wazee, watoto, wanawake wenye watoto mgongoni, wengi kuliko alivyodhani. Bibi mmoja alikuja mbele. Kwanza alitazama kule juu kwenye kona, kwa muda mrefu, ahakikishe kwamba hakuna kitu kinachoshuka. Halafu akanyoosha mikono apokee mtoto.