Flampeni ya Apolonia

Dorah, mwenye mimba ya miezi minane, aliamka na hamu ya baga. Alikuwa amekuja Nyahanga kujifungulia kwa dada yake Apolonia, na mwenye mimba hanyimwi kitu.

"Nyama imesagwa kama mawe kwenye karasha la machimboni," Apolonia alitania, akifinyanga madonge na kuyabonyeza yawe bapa. "Yenye mfupa mnaiogopa, enh?"

"Dada, kaanga. Mwanao ananipiga mateke."

Kitunguu, pilipili manga, yai moja la kushikizia. Nyama ikalia kwenye flampeni, harufu ikajaa jiko lile lisilo na dirisha. Ya kwanza Dorah hakuingojea skonzi; aliila kwa mkono, vidole vikiungua, huku akicheka.

Mabula, mume wa Apolonia, akaingia na vumbi la machimboni. Akaiona flampeni, akasimama.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kabatini. Ina mwenyewe mwingine?"

"Jana nimechomea. Bakuli langu lilipasuka."

Mke wa mchimbaji haelezwi kuchoma ni nini: donge la dhahabu iliyokamatwa na mekyuri, yaani zebaki, huwekwa motoni mpaka mekyuri yote itoke kama moshi wa sumu, ibaki dhahabu tupu.

Apolonia alimpokonya mdogo wake kipande kilichobaki. Kilikuwa kidogo mno.

"Niliiosha kwa sabuni," Mabula akasema.

"Ulichomea wapi?"

"Humu jikoni, mkishalala. Nje watu wanaona mali."

"Jana tu?"

Mabula akatazama viatu vyake. "Tangu Pasaka."

Apolonia akahesabu siku. Dorah alikuja wiki moja baada ya Pasaka. Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda cha humu jikoni, anapepea makaa, anavuta pumzi za watu wawili.

"Shemeji," Dorah akauliza taratibu, mkono tumboni, "kwani ina nini?"

"Mnunuzi wa dhahabu alisema moshi ukishapita umepita," Mabula akanong'ona.

Mnunuzi. Ndiye anayewagawia hiyo mekyuri kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, bure, ili dhahabu isiende kwa mwingine. Na Apolonia hasahau. Miaka sita iliyopita alimfulia nguo mtu huyo. Kwake kuchoma ni uani kabisa, chini ya bomba refu la moshi, na mkewe alikatazwa hata kuanika kanga upande ule. Mnunuzi alijua. Muda wote alijua, akawaambia wachimbaji moshi umepita.

"Vaa viatu, Dorah. Tunakwenda zahanati, na tutasema yote, tangu Pasaka."

"Watauliza ya machimboni," Mabula akasema.

"Waulize."

Akamwaga nyama shimoni, akafukia ili hata mbwa asiipate. Kisha akachukua nyundo na moko, ile patasi ya mumewe ya kuvunjia mwamba, akaitoboa flampeni katikati, tundu la kupita kidole, isije ikapikiwa tena na mtu yeyote. Akaitia ndani ya mfuko wa sandarusi.

"Hii naenda nayo," alisema. "Tukitoka zahanati, mnunuzi atanieleza mbele ya foleni yake nzima ya wachimbaji kwa nini kwake wanachomea uani."

Akamshika mdogo wake mkono. Ulikuwa na mafuta bado.