Kidoa Kwenye Unyayo wa Kaka Dominiko

Tulipokuwa wadogo kule Mgeta, kaka yangu Dominiko alikuwa akibeba gunia la njegere kutoka shambani hadi barabarani kwenye lori, pekupeku, huku akipiga mluzi. Asubuhi za baridi aliniambia nitie mikono yangu kwapani mwake ipate joto. Bado naukumbuka mluzi ule. Ulikuwa ukishuka mlima kabla yake.

Niliolewa nikahamia Morogoro Mjini, nikawa fundi cherehani. Yeye alibaki na mashamba. Miaka minne iliyopita alikuja kunitembelea akichechemea. Nilipomwekea maji ya kunawa miguu, nikaona doa jeusi kwenye unyayo, pana kama kizibo cha soda, kingo zake hazikunyooka.

"Kaka, hii nini?"

"Mwiba wa zamani, Yustina. Kilianza kidoa tu. Nimekizoea."

Nilimlazimisha twende hospitali. Daktari akakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Majibu yaliporudi, alisema ni saratani ya ngozi.

Dominiko akacheka. "Ngozi? Mimi na weusi wote huu?"

"Inawapata hata weusi, mzee wangu," daktari akajibu kwa upole. "Hujificha nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Si ya kawaida, ndiyo maana watu hawaitafuti."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapima matiti na mlango wa kizazi, nikadhani nimemaliza. Sikujua saratani ina sura nyingi hivyo.

Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, lakini ugonjwa ulikwishapanda hadi kwenye mitoki, yale matezi ya kinenani. Aliishi miezi kumi na minne. Mavuno yake ya mwisho alikaa kwenye kiti kando ya shamba, akituelekeza sisi tuliokuwa tunachuma, akitutania kwamba mjini nimesahau kuinama.

Mwaka jana nilikuwa Mgeta siku ya upimaji wa saratani za kina mama kwenye zahanati. Kina mama walijaa, na wanaume wachache waliowasindikiza. Nilimwomba nesi Joyce dakika mbili. Nikasimama mbele, nikawaeleza habari za kaka yangu.

"Pimeni hayo mliyoyajia," nikasema. "Lakini na miguu yenu muitazame. Doa linalokua, kidonda kisichopona, uvimbe popote pale, msivizoee."

Mpakia mizigo mmoja, Laurenti, alivua buti taratibu, kwa aibu. Karibu na kidole gumba palikuwa na kidoa cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Joyce akamwandikia rufaa siku ile ile.

Ilikuwa saratani, changa bado. Waliikata ikaisha, na baada ya miezi miwili akarudi kazini. Mke wake alinipigia simu kunishukuru. Nilifurahi naye, tukaongea sana. Nilipokata simu nikalia, kwa sababu hata Dominiko aliwahi kuwa na kidoa kidogo kama kile, na hakuna aliyemwambia.