Tano Tatu za Thanet

Bosi wangu, Prakit, alinipa onyo la mwisho huku akitafuna embe bichi kwa chumvi na pilipili.

"Rasamee, umeshakosea mara mbili. Ukirudia ya tatu, nakuhamishia kampuni za chakula cha kuku."

Kazi yangu hapa Bangkok ni kukisia mapato ya viwanda kabla havijayatangaza. Nimeisomea miaka sita, sikusomea kuku. Kiwanda nilichokabidhiwa kiko Ayutthaya, kinatengeneza vikono vyembamba vinavyobeba vichwa vya kusomea ndani ya diski za kompyuta. Diski za muundo mpya zina sahani kumi badala ya nane, kwa hiyo vikono ishirini badala ya kumi na sita. Swali likawa moja tu: muundo huo utaingiza baht milioni ngapi robo hii? Nilipiga hesabu siku nne, nikapata mia tatu na ishirini.

Wachambuzi wote tumo kwenye kundi moja la simu pamoja na Thanet, msemaji wa kiwanda, mtu wa mizaha tangu azaliwe. Nikajikaza, nikamuuliza mbele ya wote.

"Kaka Thanet, muundo mpya mnategemea ulete milioni ngapi?"

Akajibu: "555."

Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Kwetu tano hutamkwa "haa". Ukiandika tano tatu, umecheka. Na wenzangu, mahasidi wale, wakamuunga mkono: 555, 5555, mmoja akamwaga tano mstari mzima. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Joost, Mholanzi aliyetua mjini wiki tatu nyuma, ambaye Kithai chake kinaishia kwenye kuagiza wali. Yeye aliandika "Asante."

"Maskini, anachekwa naye anashukuru," nikamwambia Prakit.

"Achana naye. Peleka hiyo mia tatu na ishirini yako."

Mwezi uliofuata kiwanda kikatangaza: milioni mia tano hamsini na nne. Bangkok nzima ilikuwa imekosea, isipokuwa Joost.

Nikampigia Thanet. "Kaka, mbona ulitucheka?"

"Nani kacheka? Umeuliza, nimejibu! Nyinyi ndio mlionicheka. Nilijua mnaidharau hesabu yetu, nikanuna siku mbili nzima."

Jioni ujumbe wa Prakit ukaingia: "Jumatatu, kuku."

Uliniuma, sifichi. Nililia chooni mpaka mfagizi akabisha mlango. Kisha nikanawa uso, nikamjibu bosi kwa neno pekee lililokuwa limebaki: "555."

Akapiga simu papo hapo.

"We dada, hiyo ni nini? Unanicheka, au ndiyo makisio ya kuku?"

"Andika tu, bosi," nikamwambia. "Safari hii, andika."