Kuku Mwingine wa Esteri

Pale Nyakitonto, mwaka wa sabini na sita, ukitaka habari za kijiji kizima kabla uji haujapoa, ulikwenda kwa Esteri mke wa Pasikali. Nyumba yake haikukaukiwa watu. Anayekwenda Kasulu alitua mzigo pale, anayetoka Kibondo alikunywa maji pale, na kila mmoja aliacha maneno mawili matatu kama kodi ya kigoda alichokalia. Mkono wa kukarimu Esteri alikuwa nao, sauti ya kuongoza nyimbo kanisani alikuwa nayo. Neno moja tu lilikuwa halipiti kooni mwake: "Nimekosa."

"Mke wangu akisema leo Jumatano," Pasikali alikuwa akiwaambia wenzake, "basi hata ngoma ya kanisa ilie, hata mwinjilisti avae kanzu, ni Jumatano tu. Tutasali Jumatano."

Sasa, Esteri alikuwa na kuku wake mwekundu, jina lake Kigutu, kwa kuwa nguchiro aliwahi kumng'ata akamwachia mguu mmoja wenye vidole pungufu. Kijiji kizima kilimjua. Mwezi wa pili Kigutu akatoweka. Esteri akatafuta kutwa nzima, jioni akaona manyoya mekundu nyuma ya nyumba ya jirani yake Niyitegeka, na hakutaka kuona kingine. Niyitegeka alikuwa mjane aliyekimbia machafuko ya Burundi na watoto wake, akapokelewa na ndugu za mama yake hapo kijijini. Tangu Operesheni Vijiji ya serikali ilipowashusha watu vilimani ikawapanga mstari kando ya barabara, nyumba yake na ya Esteri zilipeana migongo. Ukikohoa huku, ungeweza kuitikiwa "pole" kule.

Kesho yake kisimani, wanawake wamejaa na ndoo na mitungi, Esteri akafungua mdomo.

"Wengine tunafuga, wengine wanakula! Kigutu wangu yuko tumboni mwa watu, na watu wenyewe wako hapa hapa wanachota maji."

Macho yote yakamgeukia Niyitegeka. Yule mama akajitwika mtungi wake, akasema, "Mungu anajua," akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu mwenzake. Na huko kwa Waha jambo hilo si dogo. Salamu yao ni kushikana mikono mpaka viwiko, mkaulizana nyumba, watoto, shamba, hata usingizi. Kumpita mtu kimya ni sawa na kumwambia umeshamzika.

Haukupita mwezi, Kigutu akatoka vichakani na mguu wake uleule, nyuma yake vifaranga wamefuatana kama wanakwaya. Kumbe alikuwa ameatamia.

Esteri alipomwona, furaha ikampanda, kisha ikamgeuka shubiri papo hapo. Pasikali akaja akachuchumaa mbele ya kuku.

"Mama Yoeli! Si Kigutu huyu?"

"Huyu ni kuku mwingine."

"Mwingine? Na mguu je?"

"Kwani nguchiro ni mmoja dunia nzima? Nimemnunua Kibondo."

"Lini? Hujakwenda Kibondo tangu mavuno."

"Baba Yoeli, umeshakula? Basi nenda shamba."

Kijiji kikapata la kuchekea. Ikawa mtu akikana jambo lililo wazi, wenzake wanamwambia, "Aa, huyu ni kuku mwingine!" Esteri anasikia, anajifanya anafukuza nzi.

Ikaja Kwaresima. Mwinjilisti Kipriani hakumtaja mtu. Alifundisha tu kwamba ukija na sadaka yako, halafu ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, nenda mkapatane kwanza. Esteri alikuwa amepakata boga la kutoa. Likawa zito kama kinu.

Nyumbani akapiga magoti. "Bwana, niambie neno lolote, mimi mtumishi wako nitatii."

Neno likamjia moyoni, fupi, bila mbwembwe: Nenda kwa Niyitegeka.

"Lingine, Bwana."

Kimya.

"Nitafunga. Nitafagia kanisa mpaka Pentekoste. Nitatoa ule muhogo wote ulio darini."

Kimya kilekile, kama cha mtu aliyekwisha sema na sasa anangoja.

"Basi baada ya Pasaka," akasema Esteri, akanyanyuka haraka kabla hajajibiwa.

Lakini Pasaka yenyewe ilikuja na mambo yake. Watu wa uamsho kutoka Kibondo walikuwa wanakuja kwa lori, na Kipriani akawateua wapishi wawili wa Jumamosi: Esteri na Niyitegeka.

"Kila mtu na jiko lake," Esteri akasema upesi.

"Lakini chakula ni kimoja, mama."

"Kitakutana tumboni."

Ijumaa jioni likamjia wazo jingine la kumsumbua: watu wa uamsho wana macho, na kuku yule atapita mbele yao na mguu wake na kwaya yake! Akamfunika Kigutu na wanawe kwa tenga ndani ya jiko, akaweka jiwe juu, akafukia kisiki chake cha moto majivuni kama kawaida, akalala. Moto wa Esteri ulikuwa haujazimika tangu wahamie pale. Kila jioni alifukia, kila asubuhi alifukua na kupuliza.

Asubuhi alipofungua jiko, tenga limelala ubavu. Kigutu alikuwa ameketi katikati ya mafiga anaoga majivu ya uvuguvugu kwa raha zake, na makaa yote ameyatimulia sakafuni, mahali ambapo paa lilivuja usiku kucha. Esteri akapuliza mpaka masikio yakavuma. Hakuna hata cheche.

Na kijijini hakuna mtu. Habari ilikuwa imefika alfajiri kwamba lori limezama kwenye tope darajani, na safu nzima ya nyumba, wake kwa waume, wamekwenda kulisukuma. Milango imefungwa, majiko yamepoa. Moshi mmoja tu ulikuwa unapanda, mnene, mzuri, nyuma ya ukuta wa Esteri.

Pasikali, aliyebaki kupasua kuni za wageni, akautazama ule moshi, akamtazama mkewe.

"Moto huo hapo, Mama Yoeli. Chukua kigae ukaombe kaa. Moto haunyimwi."

"Najua haunyimwi."

"Niende mimi?"

"Thubutu!"

Akajifunga kanga, akateremka dukani kwa Hilali, mtu wa Ujiji, aliyekuwa amekaa kizingitini anajipepea na kofia yake.

"Bwana Hilali, kiberiti."

"Mama Yoeli, kiberiti? Labda unitajie na sukari, tucheke vizuri. Lori la bidhaa halijaja toka mwezi uliopita."

"Wageni wanakuja, maharage hayajaona moto!"

"Nami naona moshi toka hapa nilipokaa. Unatoka kwa nani ule?" Akamwona Esteri anageuza uso. "Loo! Bado tu? Mama, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Idi yenyewe tulishaila."

"Hayo ya Waislamu."

"Na ya Wakristo yanasemaje?"

Ya Wakristo Esteri alikuwa anayajua vizuri mno. Hilali akamhurumia. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa kiberiti kilichobonyea.

"Cha sigara zangu. Njiti mbili tatu zimo. Haya, nenda, usije ukasema Hilali amewalaza njaa wageni wa Mungu."

Esteri alirudi karibu anakimbia. Akapanga vikuni vikavu, akaweka nyasi chini, akapiga njiti. Ikakatika. Akapiga ya pili. Ikawaka, mwali mzuri wa njano, umesimama wima.

Hapo ndipo alipotakiwa kufurahi. Moto anao, hana haja na mtu. Asubuhi yote alikuwa ananung'unika moyoni kwamba Mungu anambana, amemzimia jiko na kuwahamisha majirani ili yeye aburutwe kwa Niyitegeka kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Sasa kamba imelegezwa. Angeweza kupika, akawalisha watu, akaimba kesho kwa sauti yake ile, na Mungu asimpige na radi. Na neno likaja lilelile, wala halikupandishwa sauti: Nenda.

Mwali ukafika kwenye kucha. Esteri akaupuliza ukazimika.

"Mama Yoeli!" Pasikali akapiga ukelele mlangoni. "Umeuzima?"

"Nimeuzima."

"Una nini wewe leo?"

"Nishikie vifaranga."

Akamkwapua Kigutu, majivu na yote, akambana kwapani. Mkono mwingine akachukua kigae. Akazunguka nyumba.

Niyitegeka alikuwa anakoroga chungu. Alipoinua macho akaona kuku kwanza, kisha mwenye kuku.

"Mwakeye, Niyitegeka," Esteri akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye."

"Huyu ni Kigutu."

"Namwona."

"Si kuku mwingine."

"Najua. Hata yeye anajua."

Esteri akavuta pumzi. "Nilikusingizia. Nimekosa." Neno likapita kooni, na la ajabu, halikumkwaruza kama alivyodhani. "Nimekosa, mama. Nisamehe."

Niyitegeka akaweka mwiko chini.

"Mimi nilikusamehe zamani, ningeishije na kisirani ukutani kwangu? Lakini wanangu wanaitwa 'wala Kigutu.' Ndihokubwayo wangu siku hizi anateka maji bondeni kwa watu wasiomjua. Ulisema kisimani mbele ya watu, Mama Yoeli. Hukusema hapa jikoni."

Esteri akahisi ulimi wake unajiweka tayari kwa ile "lakini" yake ya siku zote. Alikwisha sema nimekosa! Mtu anataka nini tena? Akaimeza ile "lakini," ikashuka kama kidonge cha kwinini.

"Nitasema mbele ya watu. Leo. Wakishuka tu kwenye lori."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni."

Basi Niyitegeka akasimama, akamshika mikono mpaka viwiko, kuku katikati yao anapiga kelele, na salamu iliyolala tangu mwezi wa pili ikaanza upya. Nyumba? Nzima. Watoto? Wapo. Shamba? Linakwenda.

"Na usingizi?"

"Usingizi sina tangu siku ile."

"Nilikuwa nakusikia unakohoa," akasema Niyitegeka. "Nilikuwa naitikia pole, kimoyomoyo." Akatazama jua. "Haya, muda umekwisha. Kaa la nini saa hizi? Lete vyungu vyako hapa, tupike jiko moja."

Lori liliingia jua likiwa utosini, watu wametapakaa tope mpaka nyusi, wanaimba. Kabla hawajanawa mikono, Esteri akasimama mbele ya kanisa na Kigutu mikononi.

"Jamani! Wageni, mnisamehe, hili halikuwamo kwenye ratiba. Mwezi wa pili nilisema kisimani kwamba Niyitegeka na wanawe wamekula kuku wangu. Ni uongo. Kuku wangu huyu hapa, alikuwa ameatamia. Kisha akarudi, nikamkana mchana kweupe. Nimemkosea mama huyu, nimewakosea watoto wake, nimemkosea Mungu. Atakayewaita wale watoto jina baya tena, aje aniite mimi."

Kigutu akasema "koo." Hilali, aliyekuwa amefunga duka aje kuona wageni, akauliza kwa sauti toka nyuma, "Kwa hiyo si mwingine?"

"Ndiye yuleyule!"

Kicheko kilichopasuka kilisikika darajani. Pasikali akafuta machozi na kofia. "Basi Mama Yoeli, na leo ni siku gani?"

"Jumamosi, Baba Yoeli! Na siku zote ulizosema Jumamosi, ilikuwa Jumamosi!"

Mwinjilisti Kipriani, tope limemkauka ndevuni, akasema kuku wa namna hiyo anafaa achinjwe kwa karamu ya upatanisho. Watu wakaitikia amina, njaa ikiwa imechangia. Niyitegeka akainua mkono.

"Hapana, mwinjilisti. Mimi nilishamla mwezi wa pili, kisima kizima ni mashahidi. Kuku mmoja kumla mara mbili, huo ni ulafi."

Hata wageni waliokuwa hawajui habari wakashika mbavu. Kigutu akaponea hapo. Wakala maharage na ugali wa muhogo na kisamvu, vyungu vya wanawake wawili, na hakuna aliyeweza kujua kipi ni cha nani.

Kesho yake Esteri alipeleka boga madhabahuni, wala halikumlemea. Jumatatu vifaranga waligawanywa nusu kwa nusu, na Ndihokubwayo aliteka maji kisimani, mbele kabisa ya mstari, Esteri mwenyewe amesimama nyuma yake na ndoo, anamsimulia kila anayefika habari za kuku wake, za kweli, toka mwanzo, na kwa kirefu.